Kauli Tatu Kuhusu Vichujio: Uhakiki wa Lugha ya Kukokotoa Upunguaji wa Ishara kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna upunguaji wa ishara katika vichujio sahili vya elektroniki unavyoelezwa kwa Kiswahili. Kauli tatu zinazotumiwa sana katika ufundishaji zinachunguzwa: kwamba kichujio hupitisha masafa fulani na kuzuia mengine; kwamba ishara hukatwa kwenye masafa ya mkato; na kwamba desibeli za hatua mbili hujumlishwa. Kila kauli inapimwa kwa kukokotoa kile inachodai, kwa kutumia saketi moja ya rezista na kapasita. Makala inadai kwamba kasoro ya kauli hizi haitokani na uhaba wa istilahi. Upunguaji ni uhusiano baina ya vitu viwili, lakini kauli zenyewe hutaja kimoja tu. Kwa hiyo msomi anaweza kuzielewa kwa ufasaha na bado akakosea hesabu.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi umeegemea kwa muda mrefu swali la istilahi: je, lugha ina jina la kila dhana? Swali hilo lina uzito, na kazi ya Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, pamoja na ya taasisi za utafiti wa Kiswahili, imelijibu kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, orodha ya istilahi haifundishi hesabu. Mwanafunzi hukutana na istilahi ndani ya sentensi, na sentensi ndiyo humwambia kipi kigawanywe kwa kipi.

Vichujio vya elektroniki vinafaa kwa uchunguzi wa jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, mfano wake wa msingi ni mdogo mno: rezista moja na kapasita moja. Hakuna utata wa kifaa unaoweza kulaumiwa pale maelezo yanapopotosha. Pili, matokeo yake yanapimika. Kauli kuhusu upunguaji ikiwa na kasoro, tarakimu itakayopatikana itatofautiana na ile inayoonyeshwa na mita, na tofauti hiyo haiwezi kufunikwa kwa ufasaha wa maneno.

Katika makala hii neno masafa linatumika kwa maana ya idadi ya mitetemo kwa sekunde, kama linavyotumiwa na watangazaji wa redio. Maandishi mengine hupendelea neno marudio, na upendeleo huo una hoja, kwani masafa ni pia umbali. Ukinzani wa istilahi hizi mbili hauathiri hesabu yoyote hapa, hivyo hautajadiliwa zaidi.

2.0 Msingi wa kinadharia

Si jambo la bahati kwamba nadharia ya istilahi ilizaliwa jirani na umeme. Eugen Wüster, mhandisi wa Austria, alichapisha mwaka 1931 tasnifu yake juu ya usanifishaji wa kimataifa wa lugha ya ufundi, hasa ufundi wa umeme. Mtazamo uliokuja kujulikana kama Nadharia Jumla ya Istilahi huanza na dhana, kisha huitafutia jina. Na katika hali bora, dhana moja huwa na jina moja. Baadaye María Teresa Cabré aliukosoa mtazamo huo kwa kusisitiza kwamba istilahi huishi katika mawasiliano, na kwamba maana yake hukamilika ndani ya matini.

Uhakiki huu unakubaliana na Cabré, lakini unaongeza kigezo ambacho taaluma ya hesabu inakidai. Kauli ya kitaaluma kuhusu kiasi ipimwe kwa hesabu inayozaliwa nayo. Msomaji makini, asiye na chochote mkononi isipokuwa kauli hiyo na thamani za vipuri, akiweza kufikia tarakimu sahihi, kauli imetimiza kazi yake. Akifikia tarakimu tofauti bila kuivunja kauli, basi kauli ndiyo yenye kasoro. Kigezo hiki kinaitwa hapa kigezo cha ukokotozi.

Saketi ya kupimia ni kichujio cha kupitisha masafa ya chini chenye rezista ya 4.7 kΩ na kapasita ya 10 nF. Volti ya kuingia (Vi) inawekwa kwenye saketi nzima, na volti ya kutoka (Vt) inachukuliwa kwenye kapasita. Fomula zake ni hizi:

fn = 1 / (2πRC)

Vt / Vi = 1 / √(1 + (f / fn)²)

U = 20 log (Vi / Vt)

Hapa U ni upunguaji kwa desibeli, na logi ni ya msingi wa 10. Kwa thamani zilizotajwa, fn ni takriban 3386 Hz. Thamani hizo zimechaguliwa kwa makusudi. Mkondo wa sauti katika simu ya kawaida umezoeleka kuwa kati ya 300 Hz na 3400 Hz, hivyo fundi anayetaka kubakisha usemi na kupunguza mivumo ya juu angeweza kuchagua vipuri hivi hivi.

3.0 Kauli ya kwanza: kichujio hupitisha na kuzuia

Jina kichujio limetokana na kitenzi kuchuja, na kitenzi hicho kina picha thabiti katika maisha ya Waswahili. Tui hupita katika kifumbu, chicha hubaki. Unga hupita katika chekeche, chenga hubaki. Kilichopita kimepita chote, na kilichobaki kimebaki chote. Picha hii ni ya pande mbili zisizochanganyika, na ndiyo inayoipa kauli ya kwanza nguvu yake ya kueleweka upesi.

Kauli hiyo ikipimwa kwa kigezo cha ukokotozi, inashindwa mapema. Kwenye 1693 Hz, yaani nusu ya fn, saketi yetu inatoa 0.894 ya volti iliyoingia; upunguaji ni desibeli 0.97. Masafa haya yako ndani kabisa ya eneo linalodaiwa kupitishwa, na tayari yamepungua. Kwenye 6773 Hz, yaani maradufu ya fn, volti inayotoka ni 0.447 ya iliyoingia; upunguaji ni desibeli 6.99. Masafa haya yanadaiwa kuzuiwa, lakini karibu nusu ya volti yake inatoka. Hata kwenye 33.86 kHz, mara kumi ya fn, sehemu moja kati ya kumi bado inapita, na upunguaji ni desibeli 20.04. Hakuna masafa yaliyozuiwa; yote yamepita kwa viwango tofauti.

Haifuati kwamba neno kichujio liachwe. Limekubalika, ni fupi, na linazalisha kuchuja, mchujo na uchujaji bila taabu. Kinachopaswa kurekebishwa ni kitenzi kinacholifuata. Tukisema kichujio hupunguza kila masafa kwa kiasi chake, kikianza kupunguza kidogo na kuongeza kadiri masafa yanavyopanda, picha ya chekeche inabaki kuwa jina tu, na hesabu inapata nafasi. Kivumishi kila hapa kina kazi ya kihisabati: kinamlazimisha msomaji kuuliza kiasi kwa kila f, na hilo ndilo swali ambalo fomula inalijibu.

Suala jirani ni matumizi ya neno upotevu badala ya upunguaji. Vichujio vya mawimbi ya umeme vilivyobuniwa na George Campbell nchini Marekani na Karl Willy Wagner nchini Ujerumani, karibu na mwaka 1915, vilitumia koili na kapasita. Vipuri hivyo vikiwa kamilifu havigeuzi nishati kuwa joto. Ishara isiyofika kwenye mzigo inarudi kwenye chanzo. Imekataliwa mlangoni, haikupotea njiani. Katika saketi ya rezista na kapasita, kwa upande mwingine, rezista hupata joto. Upunguaji unaweza kuwa sawa kwa desibeli katika saketi zote mbili ilhali hatima ya nishati ni tofauti kabisa. Anayeandika upotevu anatoa jibu la swali ambalo desibeli hazijaulizwa.

4.0 Kauli ya pili: ishara hukatwa kwenye masafa ya mkato

Istilahi masafa ya mkato ni tafsiri inayofuata muundo wa lugha ya chanzo. Kuna matatizo mawili ndani yake. La kwanza liko wazi: kwenye fn hakuna kilichokatwa. Volti inayotoka ni 0.707 ya iliyoingia, na upunguaji ni desibeli 3.01. La pili limejificha zaidi, nalo ni kwamba jina mkato halina tarakimu yoyote ndani yake. Mwanafunzi hupewa desibeli 3 kama amri ya kukariri, na akiisahau, jina halimsaidii kuirejesha.

Jina masafa ya nusu nguvu lina faida juu ya hilo la kwanza. Nguvu katika ukinzani uleule hufuata mraba wa volti, na mraba wa 0.707 ni 0.5. Anayelijua jina hili anaweza kukokotoa 10 log 2, akapata 3.01, bila kukariri chochote. Istilahi imebeba hesabu yake yenyewe. Aidha, inazuia kosa linalojirudia la kudhani kwamba desibeli 3 ni nusu ya volti. Nusu ya volti ni robo ya nguvu, nayo ni desibeli 6.02.

Pendekezo hili lina mpaka wake. Vichujio vilivyoelezwa na Stephen Butterworth mwaka 1930 hubaki na upunguaji wa desibeli 3.01 kwenye mwisho wa eneo la kupitisha, hata hatua zikiongezwa, hivyo nusu nguvu inavifaa. Vichujio vya aina ya Chebyshev, vyenye mawimbi madogo ndani ya eneo la kupitisha, kwa kawaida huwekewa mwisho kwa kipimo kingine, na kuviita vya nusu nguvu kungekuwa kosa. Kwa hiyo panahitajika majina mawili: mpaka wa kupitisha kwa dhana pana, na nusu nguvu pale kipimo hicho kinapohusika kweli. Mkato halitofautishi dhana hizi mbili, na hapa hoja ya Wüster ya dhana moja kwa jina moja inasimama imara.

Tatizo jingine katika kauli ya pili halitokani na tafsiri. Limo katika sarufi ya Kiswahili yenyewe, na pengine ndiyo maana limepewa uangalizi mdogo. Ni tofauti kati ya kupungua kwa na kupungua hadi. Sentensi ishara imepungua hadi 0.707 inataja kilichobaki. Sentensi ishara imepungua kwa 0.707 inataja kilichoondoka. Kilichobaki ni 0.293, na upunguaji unakuwa desibeli 10.67 badala ya 3.01. Tofauti ya desibeli zaidi ya 7 imezaliwa na kihusishi kimoja. Jambo linazidi kuwa gumu kwa sababu desibeli zenyewe zinadai kwa: ishara imepungua kwa desibeli 3 ni sahihi, na imepungua hadi desibeli 3 haina maana mpaka litajwe rejeleo. Mwandishi anayehama kutoka uwiano kwenda desibeli katika aya moja hana budi kubadili kihusishi. Asipobadili, msomaji anayeheshimu sarufi ndiye atakayekosea, na asiyeijali huenda akapata.

Historia ya kipimo chenyewe inaeleza kwa nini rejeleo husahaulika. Kabla ya desibeli, wahandisi wa simu nchini Marekani walipima upunguaji kwa maili za kebo ya kawaida. Kiasi kilielezwa kwa kulinganisha na kebo halisi, yenye ukinzani na kapasitansi inayojulikana, na jina la kipimo lilibeba kilinganishi chake. Mwaka 1924 kilianza kutumika kipimo cha logi kisichotegemea kebo yoyote, na mwishoni mwa miaka ya 1920 kikaitwa desibeli kwa heshima ya Alexander Graham Bell. Badiliko hilo lilikuwa la manufaa makubwa, kwa kuwa upunguaji wa kebo hubadilika kulingana na masafa. Lakini kilinganishi kilitoka ndani ya jina. Tangu hapo ni wajibu wa sentensi kukitaja.

5.0 Kauli ya tatu: desibeli za hatua mbili hujumlishwa

Kauli hii ni ya kweli kihisabati, kwani logi ya zao ni jumla ya logi. Udhaifu wake unaonekana pale inapotumiwa kwenye saketi mbili zinazogusana.

Tuanze na mzigo mmoja. Saketi yetu ikiunganishwa na mzigo wa 4.7 kΩ sambamba na kapasita, hata katika masafa ya chini kabisa volti inayotoka ni nusu ya iliyoingia; upunguaji ni desibeli 6.02 kabla kapasita haijafanya kazi yoyote. Ukinzani unaoonwa na kapasita umekuwa 2.35 kΩ, na masafa ya nusu nguvu yamepanda hadi 6773 Hz. Sasa swali la mtihani: upunguaji kwenye 3386 Hz ni kiasi gani? Bila mzigo, ni desibeli 3.01. Pamoja na mzigo, ukilinganisha na volti ya chanzo, ni desibeli 6.99. Pamoja na mzigo huo huo, ukilinganisha na volti inayotoka katika masafa ya chini, ni desibeli 0.97. Majibu yote matatu ni sahihi. Swali ndilo halikukamilika.

Tuje kwenye hatua mbili zinazofanana, ya pili ikiunganishwa moja kwa moja na ya kwanza. Kauli ya tatu inatabiri kwamba kwenye fn upunguaji utakuwa 3.01 mara mbili, yaani desibeli 6.02. Hata hivyo, hatua ya pili ni mzigo kwa ya kwanza. Uwiano kamili wa saketi hii ni:

Vt / Vi = 1 / √(1 + 7x² + x⁴), ambapo x = f / fn

Kwenye fn, x ni 1, uwiano ni theluthi moja, na upunguaji ni desibeli 9.54. Masafa ya nusu nguvu yameshuka hadi 0.374 ya fn, yaani 1267 Hz. Kauli ya kujumlisha ingemfanya mhandisi atarajie 0.644 ya fn, yaani 2179 Hz.

Athari ya tofauti hiyo si ya kinadharia tu. Fundi wetu alikusudia kulinda usemi hadi karibu 3400 Hz. Nguvu ya sauti kama s na sh imelala zaidi katika masafa ya juu ya mkondo huo, na kwingine juu yake. Kichujio kinachoanza kuminya usemi kutoka 1267 Hz kinaziacha irabu zikisikika vizuri huku konsonanti hizo zikififia. Msikilizaji atasikia mtu anazungumza, ila atapata shida kutambua kama ametajiwa saba au shaba. Hitilafu ya aina hii ni ngumu kuigundua kwa sikio la haraka, kwa kuwa sauti haijakatika.

Ni ngumu pia kuigundua kwa kipimo cha haraka. Kwenye 33.86 kHz, hatua mbili zilizounganishwa moja kwa moja zinapunguza kwa desibeli 40.29, kanuni ya kujumlisha inatabiri 40.09. Mtahini akichagua masafa ya mbali kuwa ndiyo ya kukagulia, atapata uthibitisho wa kauli yenye kasoro. Kosa limejikusanya karibu na fn, mahali ambapo usanifu wenyewe unaamuliwa.

Kauli inaweza kuokolewa kwa sharti moja: desibeli za hatua hujumlishwa iwapo kila hatua imepimwa ikiwa na chanzo na mzigo itakaofanya nao kazi. Sharti hilo hutimizwa kwa kuweka amplifaya ya kutenganisha kati ya hatua, au kukaribiwa kwa kuifanya hatua ya pili iwe na ukinzani mkubwa. Kwa mfano, hatua ya pili ikiwa na 47 kΩ na 1 nF, fn yake haibadiliki, lakini upunguaji wa pamoja kwenye fn hiyo unashuka hadi desibeli 6.44, karibu na zile 6.02 zilizotabiriwa. Sharti limeongeza maneno machache kwenye kauli, na maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yanakosekana kati ya utabiri na mita.

6.0 Mjadala na hitimisho

Kauli zote tatu zina kasoro ya aina moja. Ya kwanza inasahau kwamba upunguaji ni wa kila masafa kwa kiwango chake. Ya pili inasahau kilinganishi cha tarakimu. Ya tatu inasahau chanzo na mzigo. Katika kila hali, uhusiano umeelezwa kana kwamba ni sifa ya kitu kimoja.

Inaweza kupingwa kwamba kasoro hizi zimo pia katika maelezo ya lugha nyingine, na kwamba Kiswahili kimezirithi tu. Pingamizi hilo ni la kweli kwa sehemu, ila halipunguzi wajibu. Kiswahili kilizirithi kupitia tafsiri iliyoangalia nomino na kusahau sentensi. Tena, tofauti ya kwa na hadi ni ya Kiswahili chenyewe, na hakuna atakayeturekebishia. Inaweza pia kusemwa kwamba maelezo ya mwanzo lazima yarahisishwe. Ni kweli, lakini kurahisisha ni kuchagua mfano mdogo, kama makala hii ilivyofanya. Kuacha kutaja kilinganishi hakurahisishi hesabu, kunaiondoa.

Kiswahili kina nyenzo za kutosha kwa kazi hii. Mnyambuliko wa vitenzi unatofautisha kupungua, kupunguza na kupunguziwa, hivyo unaweza kumtaja anayepunguza na anayepunguziwa. Vihusishi kwa, hadi, kutoka na kulingana na vinaweza kubeba pande zote za uwiano. Sentensi ifuatayo haina istilahi hata moja mpya: kwenye 3386 Hz, kichujio hiki, kikiwa na mzigo wa 4.7 kΩ, kinaipunguza volti kwa desibeli 6.99 kulingana na volti ya chanzo. Ni ndefu kuliko kauli ya kawaida, na mwanafunzi anaweza kuikokotoa.

Makala hii inapendekeza mambo mawili. Kwanza, wasanifishaji wa istilahi za elektroniki waambatanishe kila istilahi ya kiasi na sentensi ya mfano yenye tarakimu, ili kigezo cha ukokotozi kitumike kabla istilahi haijapitishwa. Pili, watahini wa maandishi ya kisayansi kwa Kiswahili wasiishie kuuliza kama mtahiniwa ametumia istilahi sanifu. Waichukue sentensi yake, waweke thamani za vipuri, na kukokotoa. Iwapo tarakimu itakayopatikana si ile ya mita, sentensi irudishwe kwa mwandishi, hata kama kila neno lake limo katika kamusi.